Sabufa ya Mtendeni: Kujenga au Kununua?

Mtu apitaye Mtendeni, mjini Tabora, wakati wa jioni husikia besi kabla hajasikia wimbo. Sauti ya mwimbaji huishia mlangoni na gitaa la solo hukomea uani, lakini ule mdundo mzito huvuka ukuta wa kwanza, ukavuka na wa pili, ukamfuata mpita njia hadi kona ya mtaa. Katika nyumba nyingi mdundo huo hutoka katika sanduku jeusi liwekwalo sakafuni chini ya televisheni, ambalo Watanzania wamelipa jina la sabufa. Lile la dukani lina taa za rangi, redio na mahali pa kuchomeka flashi, na boksi lake la karatasi huwa na maandishi makubwa ya wati elfu kadhaa. Lakini Tabora ni mji wa mninga na wa maseremala, na kijana mwenye spika na amplifaya mkononi anaweza kuagiza sanduku kubwa mara nne kuliko hilo. Je, afanye lipi: anunue au ajenge? Kwa juu juu swali hili ni la mfuko. Kwa ndani ni swali la fizikia, na sehemu yake kubwa yaweza kujibiwa na mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu na karatasi.

Besi ni kazi ya kusukuma hewa

Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa kwa kidole, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, yaani Hezi 41. Huo ndio uzi uliobeba muziki wa dansi nchini, na Tabora ina haki ya kujivunia muziki huo, kwa kuwa ndiyo iliyotoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, na baadaye Tabora Jazz ya Shem Karenga. Sasa, katika hewa yenye joto la nyuzi 25 sauti husafiri mita 346 kwa sekunde. Ukigawanya 346 kwa 41 utapata mita 8.4, nao ndio urefu wa wimbi moja la sauti hiyo. Wimbi hilo ni refu kuliko vyumba vingi vya kukaa. Haishangazi basi kwamba ukuta wa matofali haulisumbui sana.

Wimbi refu kiasi hicho halitokei kwa kutikisa hewa kidogo. Ili sauti isikike kwa nguvu ile ile, kila mara mtikisiko upunguapo kwa nusu, spika hulazimika kusukuma hewa mara nne zaidi. Spika inayosukuma kiasi fulani cha hewa kwa Hezi 80 itahitaji kusukuma mara nne ya kiasi hicho kwa Hezi 40, na mara kumi na sita kwa Hezi 20. Juu ya hayo, sikio la binadamu lenyewe ni zito kusikia sauti za chini. Ndiyo maana spika ya simu huimba maneno yote ya wimbo lakini besi haina kabisa. Koni ya spika ya inchi 6 na nusu ina eneo la sentimeta za mraba 130 hivi, na ile ya inchi 10 hukaribia 330. Hiyo ya pili hufanya kazi ile ile kwa mwendo mfupi mara mbili na nusu, nayo haichoki upesi. Wapiga ngoma wa Unyamwezi hawakungoja hesabu hii. Wao walijua tangu zamani kwamba ngoma ya kunguruma lazima iwe kubwa.

Lakini koni peke yake haitoshi. Mwalimu na achukue spika ya redio mbovu, aiunganishe na redio nzima, aipige huku ameishika mkononi. Sauti itakuwa nyembamba kama ya bati. Kisha atoboe tundu lenye ukubwa wa koni katikati ya kipande kipana cha boksi nene, aiegemeze spika hapo. Besi itajitokeza papo hapo, na darasa zima litashangaa. Sababu ni kwamba koni isukumapo hewa kwa mbele huivuta kwa nyuma. Hewa iliyosongwa huzunguka ukingo na kuziba pengo la upande wa pili, nguvu zikafutana. Kwa sauti za juu koni hugeuza mwendo kabla hewa haijafika, lakini kwa sauti za chini nafasi ya kuzunguka ipo tele. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani, walioeleza mwaka 1925 spika ya koni na koili ambayo ndiyo mzazi wa spika za leo, walilifahamu jambo hili vema. Tangu hapo sanduku limekuwa nusu ya spika.

Sanduku lenyewe huwa la aina mbili. La kwanza huzibwa kila upande, na hewa iliyofungiwa ndani huwa kama springi nyuma ya koni. La pili huachiwa bomba lililo wazi. Atakaye kulielewa bomba hilo na apulize juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda. Kile kipande cha hewa kilicho shingoni mwa chupa ndicho kitikisikacho, kwa kusukumwa na kurudishwa na springi ya hewa iliyo tumboni. Chupa kubwa yenye shingo ndefu hutoa sauti nzito. Ndogo yenye shingo fupi hutoa sauti nyepesi. Bomba la sabufa ni shingo ya chupa, basi.

Kwa nini la dukani ni dogo

Hapa ndipo ilipo siri ya biashara yenyewe. Mhandisi mmoja wa Marekani, Josef Anton Hofmann, ambaye herufi ya jina lake ni H ya kampuni ya spika ya KLH iliyoanzishwa mwaka 1957, aliona kwamba mtengenezaji wa spika hutaka mambo matatu: sanduku dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Atachagua mawili, la tatu atalikosa. Wahandisi huliita jambo hili kanuni ya chuma, kwa sababu halipindiki. Edgar Villchur alipounda mwaka 1954 spika ndogo iliyozibwa yenye besi ya kina, alilipia ushindi wake kwa umeme: spika yake ilidai amplifaya yenye nguvu kuliko zilizozoeleka.

Kiwanda cha sabufa za bei nafuu hakina uhuru wa kuchagua ukubwa. Kontena la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo 67 hivi. Masanduku yenye ujazo wa nje wa lita 72 hayawezi kuzidi 930 humo, hata yakipangwa bila upenyo wowote. Masanduku ya lita 18 hufikia 3,700. Nauli ya kontena ni moja, na hewa iliyomo ndani ya sanduku hulipiwa nauli sawa na sumaku. Jambo hili si geni Tabora. Wakati wa misafara, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na Richard Burton aliyeondoka pwani mwezi wa Juni 1857 hakuingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, hadi Novemba. Kwa safari kama hiyo watu walibeba shanga, vitambaa na waya za shaba, vitu vya thamani kubwa katika nafasi ndogo. Hapana aliyebeba kitu kikubwa kilicho kitupu ndani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mzigo ulitoka mabegani, lakini hesabu ya nafasi haikubadilika.

Kwa hiyo kiwanda hukata sanduku. Na kwa kuwa sanduku dogo haliwezi kushuka hadi Hezi 41 kwa sauti ya kutosha, mara nyingi fundi wa kiwanda hulipanga lipige kwa nguvu kwenye Hezi 80 hadi 100. Mnunuzi dukani husikia kishindo na kuridhika. Akifika nyumbani, na akiwa na sikio la muziki, hugundua kwamba gitaa la besi lipandalo na kushuka hutoka kama noti moja inayorudiwa rudiwa. Hilo si wizi wala uzembe, ila ni kanuni ya chuma ikifanya kazi yake.

Maandishi ya wati ni habari nyingine. Plagi ya ukutani yenye fyuzi ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, haipitishi zaidi ya wati 2,990 kwa kuendelea. Sabufa iandikwayo wati 10,000 ingelikata fyuzi hiyo kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Herufi PMPO zinazofuata namba hiyo zina maana ya kilele kinachokisiwa kwa kitambo kifupi mno, na hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kukikisia. Mnunuzi na ageuze chombo, asome kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme kinaoutumia. Huko mara nyingi atakuta makumi ya wati. Sauti haiwezi kuzidi umeme ulioingia, na ukweli ni kwamba spika ya kawaida hugeuza asilimia 1 hivi tu ya umeme kuwa sauti. Sehemu iliyobaki huwa joto la koili. Tena sikio halihesabu kama mwenye duka: ili sauti ionekane maradufu, wati zinapaswa kuongezwa mara kumi hivi.

Sanduku la lita 50

Sasa na ichukuliwe hesabu ya kijana wa Mtendeni mwenye spika ya inchi 10 na amplifaya yake, anayekusudia sanduku la bomba. Vipimo vya ndani vya sentimeta 34 kwa 36 kwa 45 hutoa lita 55. Spika yenyewe, bomba na vijiti vya kuimarisha kona humeza lita 5 hivi, zikabaki lita 50, yaani mita za ujazo 0.05. Bomba ni la plastiki, lile la maji machafu la inchi 4, lenye upana wa ndani wa sentimeta 10. Mdomo wake una eneo la mita za mraba 0.00785. Likikatwa sentimeta 20, hewa itikisikayo huchomoza kidogo pande zote mbili, na urefu wake wa kweli kwa hesabu huwa kama sentimeta 27.3, yaani mita 0.273. Kanuni ya Helmholtz husema: gawanya eneo la mdomo kwa zao la ujazo na urefu, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mwendo wa sauti, kisha gawanya kwa 6.28. Kipeuo hicho ni 0.758, na jibu ni Hezi 42 hivi. Sanduku hili limeangukia karibu kabisa na ule uzi mnene wa gitaa la besi.

Je, spika yoyote ya inchi 10 itafaa? La. Hadi miaka ya 1960 mafundi wengi walikisia tu. Neville Thiele wa Australia, katika makala yake ya mwaka 1961, na Richard Small, aliyeiendeleza kazi hiyo miaka ya 1970, walionyesha kwamba spika huweza kuelezwa kwa tarakimu chache, na kwa hizo sanduku likapigiwa hesabu kabla ya ubao kukatwa. Ya kwanza ni mtikisiko wake wa asili. Ya pili, iandikwayo Qts, huonyesha jinsi koni inavyotulizwa na sumaku yake: ikiwa kati ya 0.3 na 0.4 spika hupenda bomba, ikizidi 0.5 hufaa zaidi kuzibwa. Ya tatu, Vas, hulinganisha ulaini wa koni na springi ya hewa. Spika nzuri huuzwa na karatasi ya tarakimu hizi. Iuzwayo bila karatasi inaweza kupimwa, walau ile tarakimu ya kwanza, kwa vifaa vya maabara ya shule: programu ya simu itoayo mlio wa Hezi zitakiwazo, amplifaya ndogo, kizuizi cha omu 100 kilichounganishwa mfululizo na spika, na multimita ikisoma volti za spika. Mlio ukipandishwa taratibu kutoka Hezi 20 hadi 100, volti hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Kilele hicho ndicho mtikisiko wa asili. Spika ambayo kilele chake ni Hezi 80 haiwezi kuwa sabufa, hata kama imeandikwa hivyo kwa rangi ya dhahabu.

Kuhusu mbao, mninga una sifa yake. Hausinyai sana ukikauka, na mchwa huuogopa. Hata hivyo sanduku la vipande vya mninga vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu lina hatari yake Tabora, ambako kiangazi huanza Mei na kuendelea hadi Oktoba: kiungo kimoja kikiachia upenyo wa unywele, hewa hupita na besi hukimbia. Plaiwudi ya milimita 18 haina ugonjwa huo. Sanduku hili hutumia mita 1 ya mraba na kidogo, na ubao mzima wa futi 4 kwa 8 una karibu mita 3, kwa hiyo majirani wawili waweza kuchangia ubao mmoja. Mninga na ubaki kwa uso wa nje, kwa uzuri wake. Kona zipakwe gundi ya mbao na kukazwa kwa skrubu, wala si misumari peke yake. Ndani zizungushiwe silikoni. Ubavu mpana uwekewe kijiti cha kuvuka katikati, kwa maana ubao utikisikao ni spika ya pili ambayo haikuagizwa na mtu.

Zipo hasara za bomba ambazo muuzaji wa plastiki hawezi kuzitaja. Chini ya Hezi 42 hewa ya bomba huacha kuizuia koni, nayo hurukaruka kama mlango usio na komeo. Filamu zenye vishindo vya milipuko huweza kuiua spika hapo, hata kama sauti haikuonekana kubwa. Filamu za namna hiyo zilianza zamani: mwaka 1974 filamu ya Earthquake ilionyeshwa katika majumba yaliyowekwa spika kubwa za besi ili watazamaji watikisike vitini, na mfumo wa Dolby Digital ulioingia sinema mwaka 1992 ukaipa besi njia yake pekee, ile nukta moja katika 5.1 ndiyo hiyo. Mwenye kupenda filamu kuliko muziki ni heri azibe sanduku, akubali besi isiyokwenda chini sana, na spika yake iishi.

Cha kununua kinunuliwe

Baada ya hesabu hizi, hukumu si ngumu sana, lakini haimwendei kila mtu sawa. Asiye na kifaa chochote, anayetaka redio, flashi na rimoti katika kitu kimoja, na anunue. Kiwanda hununua spika na vipuri kwa maelfu, na fundi wa mtaani hawezi kuishinda bei hiyo kwa kununua kimoja kimoja. Mwenye amplifaya nzima tayari, au mwenye ukumbi wa shule wa kujaza, na ajenge sanduku. Hewa na plaiwudi za Tabora hazikulipiwa nauli ya bahari. Asiyefaa kuigwa ni yule ahamishaye spika ya inchi 6 kutoka sabufa ya dukani kuitia katika sanduku la lita 50 akitumaini muujiza. Koni yake ni ile ile, na amplifaya yake ilikwisha kupangwa kwa lile sanduku dogo.

Amplifaya, kwa upande wake, si kazi ya mwanafunzi wa kwanza. Ndani ya ile ya umeme wa nyumba mna volti 230, na kapasita zake hushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa klabu ya sayansi zipo bodi ndogo za volti 12, za kutumia betri ya gari au ya sola, nazo hutosha kabisa kwa majaribio yote yaliyotajwa hapa.

Sanduku likishakauka gundi, kipimo cha multimita kirudiwe. Safari hii vilele vitakuwa viwili, na bonde katikati yao. Bonde hilo ndilo mtikisiko wa bomba, na hapo koni huonekana kwa macho imekaribia kutulia ilhali hewa hupuliza kwa nguvu mdomoni mwa bomba. Bonde likiwa kwenye Hezi 46 badala ya 42, bomba ni fupi. Likiwa kwenye 38, ni refu, na msumeno wa chuma utapunguza. Fundi mwenye busara hukata bomba refu kwanza.

Hatimaye sanduku huingia chumbani, na chumba nacho ni sanduku. Chenye urefu wa mita 4 hubeba nusu ya wimbi la Hezi 43, kwa hiyo noti hiyo hunguruma kandokando ya kuta na karibu kutoweka katikati ya chumba. Sabufa ikisogezwa kutoka kona hadi katikati ya ukuta, wimbo ule ule hubadilika, bila shilingi kutumika. Bati lisilokazwa vema litaanza kulia kwa noti moja tu, na mwenye nyumba atapanda ngazi kulitafuta, huku mtu wa chini akizungusha namba za Hezi katika simu mpaka lile bati lijitaje.